Mgeni Asiyeaga: Bima ya Kijijini na Maradhi ya Kudumu

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maradhi nayo yana wageni wa namna hiyo. Malaria huingia kwa kishindo, humtetemesha mtu kitandani, humezewa vidonge siku tatu, kisha huaga. Ama huondoka peke yake, ama, Mungu apishe mbali, huondoka na mtu. Lakini yupo mgeni mwingine asiyepiga hodi, asiyeaga, na wala jembe hashiki. Presha, kisukari, pumu, kifafa: haya yakishaingia mwilini mara nyingi hula na kulala humo mpaka mwisho wa uhai wa mwenye nyumba.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mgeni huyo, na juu ya mifuko ya bima ambayo nchi yetu imeiunda kwa ajili ya wanavijiji. Najua wewe unayenisikiliza, nawe unayesoma safu hii, huenda unaishi Kariakoo, Mabatini au Ngarenaro, na pengine unajiuliza mambo ya zahanati ya kijijini yanakuhusu nini. Vuta subira. Nadhani hata wewe umekuwa mlipaji wa bima hiyo kwa miaka mingi, ila hukupewa risiti.

Tuanze na historia. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tuliambiwa tuna maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali iliamua kuyafuata maradhi kijijini badala ya kuyasubiri katika hospitali kubwa za mjini. Zikajengwa zahanati na vituo vya afya, wakafundishwa Waganga Wasaidizi wa Vijijini, wakunga na wahudumu wa afya. Matibabu yalikuwa bure. Ulimwengu ulipokutana Alma-Ata mwaka 1978 na kutangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia, Tanzania ilikuwa imekwisha kuitembea njia hiyo kwa miaka kadhaa.

Sasa tujiulize: zahanati ile ilijengwa kupambana na nani? Ilijengwa kwa ajili ya malaria, kuhara, surua, nimonia, minyoo, vidonda, na mama anayejifungua. Hao ndio waliokuwa wakituulia watoto. Hata maboksi ya dawa yaliyoanza kupelekwa vijijini miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, yalifungwa kwa hesabu hiyo: klorokwini, penisilini, aspirini, chumvi ya kuongezea maji mwilini. Mganga alifungua boksi lake kila mwezi na kuwatibu wageni wa siku tatu. Ilikuwa kazi ya heshima, na watu wazima wengi wa leo ni mashahidi kwamba iliokoa maisha.

Hata hivyo, mtu asituambie kwamba zahanati ya kijijini haiwezi kutibu ugonjwa wa muda mrefu. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na mtaalamu mmoja, Dk. Karel Styblo, akafanya kazi na Watanzania kuupa mpango huo mifupa yake. Siri yake haikuwa mashine za ajabu. Kila mgonjwa aliandikwa katika daftari. Kila mgonjwa alikuwa na kadi. Dawa haikuruhusiwa kukatika, na kila baada ya miezi mitatu wilaya ilihesabu: wangapi walianza dozi, wangapi wamepona, wangapi wametoroka, wangapi wamefariki. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo huo na kuusambaza duniani kote. Yaani funzo la namna ya kumhudumia mgonjwa wa muda mrefu katika nchi maskini lilitoka katika wilaya zetu wenyewe. Shika neno hilo, tutalirudia.

Kwa nini basi presha na kisukari havikuandikwa katika daftari kama lile? Kwa sababu tuliamini kwamba ni maradhi ya wakubwa. Kisukari, tulidhani, ni cha mwenye gari na kitambi. Na kwa kweli, kwa upande wa kisukari, takwimu za zamani zilitupa sababu ya kudhani hivyo. Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji 6 vya Tanzania, na ikaonekana kwamba wenye kisukari hawakufika hata mtu mzima 1 katika kila 100. Tulilala tukiwa na faraja hiyo.

Faraja haikudumu. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mwingine, safari hii wa presha, uliolinganisha watu wa Dar es Salaam na watu wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Watafiti walikuta presha kwa karibu watu wazima 30 katika kila 100, na kijiji hakikuwa nyuma ya jiji hata kidogo. Lililotisha zaidi ni hili: katika kila wenye presha 100, wasiofika 20 tu ndio waliokuwa wakijua kwamba wanayo. Waliosema wanatumia dawa walikuwa kama 10. Na wale ambao presha yao ilikuwa imetulia kweli hawakufika hata 1. Kisha mwaka 2012 ukafanyika uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 hadi 64: presha kwa zaidi ya 25 katika kila 100, na sukari iliyozidi kwa 9 katika kila 100. Mgeni alikuwa amekwisha kuingia chumba cha ndani, na sisi bado tunachungulia dirishani kama atakuja.

Katikati ya miaka hiyo ndipo ilipozaliwa bima ya kijijini. Uchumi ulikuwa umeyumba, na maboksi ya dawa hayakutosha. Mwaka 1993 serikali ilianza kuwataka wananchi wachangie gharama za matibabu, kwanza katika hospitali kubwa na kisha kushuka ngazi kwa ngazi. Ili mkulima asidaiwe fedha siku anayougua, wakati pamba yake bado iko shambani, ukabuniwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Majaribio yalianza mwishoni mwa mwaka 1995 katika Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka, ikapewa kadi, na watu wa nyumba hiyo wakatibiwa bila kulipa tena. Kwa kila shilingi ya mwanachama, serikali iliongeza shilingi nyingine, na mpango huo watu wakaupa jina la tele kwa tele. Mwaka 2001 Bunge likautungia mfuko huo sheria, ukasambaa katika halmashauri za wilaya nyingine.

Lilikuwa wazo jema, na mimi sina ugomvi nalo. Lakini hebu tufanye hesabu, kwa maana bima kabla ya kuwa huruma ni hesabu. Shilingi 5,000 za kaya na 5,000 za serikali ni 10,000. Nyumba ikiwa na watu 6, kila mmoja ana kama shilingi 1,667 kwa mwaka mzima. Fedha hiyo ilitosheleza homa moja au mbili za bei ya klorokwini ya wakati ule. Mwenye presha, ndugu yangu, anahitaji kidonge siku 365, na mwaka ukigeuka anaanza upya. Mfuko ulikatwa na kushonwa kwa kipimo cha mgeni wa siku tatu. Mgeni wa maisha alipojaribu kuuvaa, ulichanika kwapani.

Pana na ufa mwingine. Kujiunga kulikuwa kwa hiari. Sasa wewe mkulima kijana, mwenye nguvu zako, fedha yako ina kazi mia, utalipia kadi ya mwaka kwa ajili ya ugonjwa ambao hujaugua? Aliyekimbilia kujiunga ni yule aliyekwisha kuumwa, ambaye anajua kila mwezi atahitaji dawa. Mfuko ukabaki na wagonjwa wengi na wazima wachache, matumizi yakazidi makusanyo, dawa zikakatika. Dawa zilipokatika, hata waliojiunga hawakuona sababu ya kulipa tena mwaka uliofuata. Ni kama kuanzisha upatu wa kuzikana ambao wanachama wake wote wana wagonjwa mahututi nyumbani.

Tena tukumbuke kwamba dawa za taifa hupangwa kwa ngazi. Zahanati ina orodha yake, kituo cha afya chake, hospitali ya wilaya yake. Kwa miaka mingi insulini na dawa nyingi za presha zilipangwa ngazi za juu. Kwa hiyo mwenye kadi alipofika zahanati akaambiwa dawa hakuna, mara nyingi haikuwa kwamba imekwisha. Haikupangwa kufika pale. Na kadi ile ya zamani kwa kawaida ilitambulika katika kituo kile tu ulichojiandikisha. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwepo, lakini kadi iliishia mlangoni pa zahanati.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kazini na kinasa sauti changu, nilikaa kwenye benchi nje ya zahanati moja ya kijijini, sitaitaja. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja, kadi ya mfuko ameifunga vizuri katika pindo la kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Nikamwuliza kama kadi hiyo inamsaidia. Akaitazama kwanza, kisha akanijibu. "Kadi nzuri, baba. Homa ikinishika natibiwa, wajukuu wanatibiwa. Ila hii presha, kadi haiijui."

Nikamwuliza dawa ya presha anaipata wapi. Akasema mwanawe aliyeko Dar es Salaam humnunulia, anampa kondakta wa basi, naye bibi humtuma mjukuu stendi kwenda kupokea. Basi likiharibika, au mwana akiwa hana kitu mwezi huo, bibi hungoja. Na ili vidonge visiishe haraka, humeza siku ile tu kichwa kinapouma.

Hapo ndipo penye hatari. Presha haina desturi ya kuuma kichwa kabla haijabomoa. Inaweza kukaa mwilini miaka 10 kimya kabisa, huku inaichosha mishipa ya ubongo, moyo na figo, mpaka asubuhi moja mtu anaamka mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Kidonge cha presha si cha kutibu kichwa kilichouma leo. Ni cha kuzuia kiharusi cha mwaka kesho kutwa. Anayekimeza siku za maumivu tu hajakosea kwa ujinga. Amefanya kama alivyozoeshwa na zahanati iliyojengwa kwa ajili ya homa, kwamba dawa humezwa ukiumwa na huachwa ukipona.

Sasa umemwona mlipaji wa bima niliyemsema mwanzoni? Ni yule mwana wa Dar es Salaam. Ni wewe. Kwa miongo mingi bima halisi ya mzee wa kijijini imekuwa bahasha ndogo ya vidonge mkononi mwa kondakta. Na bima hiyo isipofika, gharama haipotei njiani. Inapanda basi kuja mjini. Inakuja ikiwa kiharusi, ikiwa figo za kusafishwa kwa mashine kila juma, ikiwa mguu wa kukatwa kwa sababu ya kidonda cha kisukari. Hapo harambee inaitishwa, shamba linauzwa, na mjukuu mmoja anaacha masomo ili akamwuguze bibi. Kidonge kilichokosekana kijijini hulipwa mjini mara nyingi zaidi ya bei yake.

Wakati huo huo, wafanyakazi wa serikali walikuwa na mfuko wao. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilitungwa mwaka 1999 na huduma zikaanza mwaka 2001. Asilimia 3 ya mshahara ilitoka kwa mfanyakazi na asilimia 3 kwa mwajiri, kila mwezi, bila hiari. Kwa kuwa wazima na wagonjwa walilipa pamoja, mwenye kisukari alipata pa kuegemea mpaka hospitali za rufaa. Nchi moja, ugonjwa mmoja, lakini kadi za aina mbili. Ni kweli miongozo ya serikali ya misamaha iliyataja magonjwa sugu kuwa yatibiwe bila malipo. Lakini bure ya kitu kisichokuwepo ni sawa na kukaribishwa pilau kwenye nyumba isiyo na jiko.

Nilisema tutarudi kwenye daftari la kifua kikuu. Mwaka 2004 nchi yetu ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila malipo. Walikuwepo wengi, hata nje ya nchi, waliosema kwamba Mwafrika wa kijijini hataweza kumeza dawa kila siku maisha yake yote. Historia imewaumbua. Zikafunguliwa kliniki za tiba na matunzo, kila mgonjwa akapewa namba, kadi na tarehe ya kurudi. Asiyetokea alitafutwa mpaka nyumbani. Huduma ikashuka hadi vituo vidogo, na baadaye waliokuwa imara wakapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili, hilo tusilifiche. Lakini mikono ilikuwa ya wauguzi wetu, na nidhamu ilikuwa ya wagonjwa wetu. Kukawa na kijiji ambacho mwenye virusi anapata dawa yake bila kukosa, na jirani yake mwenye presha anasubiri basi. Sisemi huyu wa kwanza apunguziwe. Nasema aliyeweza kumhudumia huyo anaweza kumhudumia na jirani.

Mfuko wenyewe haukukaa vilevile. Baada ya majaribio yaliyoanza Dodoma mwaka 2011, mfuko ulioboreshwa ulisambazwa nchini kuanzia mwaka 2018. Mchango ulipandishwa hadi shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6, na kadi ikaruhusiwa kupanda ngazi mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini turudi kwenye hesabu: 30,000 kwa watu 6 ni 5,000 kwa mtu kwa mwaka, yaani pungufu ya shilingi 14 kwa siku. Hata serikali ikiongeza kiasi kama hicho, ni pungufu ya shilingi 28. Ukiwa na wazima wengi ndani ya mfuko, fedha hiyo ndogo hukusanyika ikawa kubwa. Ukibaki na wagonjwa peke yao, haitoshi.

Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, ina uzito. Imevunja ule msingi wa hiari na kutaka kila mkaazi awe na bima, na ikaweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Jirani zetu wa Kenya nao mwaka huo huo walitunga sheria yao, na mwezi Oktoba 2024 mfumo mpya ukachukua nafasi ya mfuko wao wa zamani uliokuwepo tangu mwaka 1966. Wao wameweka hata mfuko maalumu wa dharura na magonjwa sugu, wa kuingia pale bima ya kawaida inapofika ukomo. Kuyataja maradhi haya katika sheria ni jambo la heri. Lakini mgonjwa hamezi sheria.

Kwa maoni yangu, kosa tunaloweza kulirudia ni kuhesabu kadi. Tutasikia kwamba kaya elfu kadhaa zimejiandikisha, tutapiga makofi, na mkuu wa wilaya atapigwa picha. Kadi ni kipimo kizuri cha mgeni wa siku tatu. Kwa mgeni wa maisha, swali ni jingine: siku ya 31, vidonge vya mwezi vilipokwisha, vingine vilikuwepo?

Swali hilo linajibika, kwa maana tumekwisha kulijibu mara mbili. Kila zahanati iwe na daftari la wenye presha na kisukari kama lile la kifua kikuu. Dawa za msingi za maradhi haya, ambazo nyingi si za bei kubwa, zipangwe na zifike ngazi ya zahanati, si kusubiri hospitali ya wilaya. Aliye imara apewe dawa za miezi miwili au mitatu, hasa msimu wa mvua ambapo mito hufurika na barabara hukatika. Na kila baada ya miezi mitatu wilaya isome hadharani: wangapi wameandikwa, wangapi presha yao imeshuka, wangapi wamekosa dawa na kwa nini. Diwani akisomewa hesabu hiyo kwenye kikao, atakuwa na la kuuliza.

Najua yapo magumu. Mganga mmoja katika zahanati ana foleni ya watoto wenye homa tangu alfajiri, na bado tunataka apime presha za wazee. Mitambo ya kupima sukari inahitaji vijiti vyake, na vijiti huisha. Bajeti haijawahi kutosha. Lakini bajeti hiyo hiyo ndiyo inayolipa kusafisha figo na vitanda vya kiharusi katika hospitali kubwa, kwa hiyo hoja si kama tutalipa. Tutalipa tu. Hoja ni kama tutalipa mapema na kidogo, au tutalipa baadaye na mtu akiwa amekwisha kulemaa.

Mpaka hapo bima ya kijijini itakapomtambua mgeni asiyeaga, wewe na mimi tutaendelea kutuma bahasha kwa kondakta. Tusiache kutuma. Ila tunapompigia mzee simu kumwuliza kama imefika, tumwulize na jambo la pili: je, anameza kila siku, au anangoja kichwa kiume?